Kijiti Alikataa Mara Mbili

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Mwalimu wa hisabati alifungua daftari la mahudhurio. Waliokosa shule walisimama mbele ya ubao, darasa zima likiwahesabia siku zao kwa sauti. Ijumaa hiyo aliitwa Kijiti, msichana mwembamba wa darasa la sita. Alikuwa amekosa siku tisa.

Kijiti hakunyanyuka.

"Sisimami, Mwalimu," alisema. "Sikutoroka. Nilikuwa nimelazwa."

Wa nyuma wakanong'ona kwamba leo kazi ipo. Mwalimu alisema jana tu alimwona akiruka kamba na kucheka. Mgonjwa gani huyo? Akamwamuru asirudi darasani bila mzazi.

Jumatatu alikuja na mama yake, mshonaji, vipande vya uzi bado vimenasa kwenye gauni. Mama hakugombana na mtu. Alimwomba tu Mwalimu wafuatane hadi kliniki. Huko muuguzi alimweleza kwamba Kijiti alizaliwa na selimundu. Chembe za damu yake hupinda kama mundu na kuziba njia ya damu, na mifupa humuuma vibaya sana. Baridi, kiu au uchovu huweza kuyaamsha maumivu. Yakipita, anacheza kama mtoto mwingine yeyote.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Aliwaomba radhi palepale, mama na mtoto.

Tangu hapo akawa mpole kupita kiasi. Siku ya mtihani alimwekea Kijiti kiti penye jua na chupa ya maji, kisha akampita bila kumpa karatasi.

"Wewe pumzika, mwanangu. Huu si lazima kwako."

Kijiti alimtazama jirani yake wa dawati. Kwa siku zote tisa alizolazwa Kijiti, rafiki huyo alikuwa ameandika kila somo mara mbili, lake na la mwenzake, hadi kidole kikaota sugu. Kijiti akanyoosha mkono.

"Naomba karatasi, Mwalimu. Nikiumwa nitakwambia, na leo siumwi. Hata nikipata sifuri, iwe yangu."

Mwalimu alimpa. Mtihani ulipokwisha, alisimama mbele ya darasa.

"Nimemkosea mwenzenu mara mbili," alisema. "Kwanza nilimwona mvivu, halafu nikamwona mgonjwa tu. Mara zote mbili sikumuuliza. Mtu mwenye maradhi muulizeni anahitaji nini, msimkatie shauri. Na kuhesabiana siku mbele ya ubao kumekwisha."

Kijiti alipata sitini na nne. Rafiki yake alipata sitini na moja, akamnunia hadi mapumziko.