Soksi Ndefu za Mama

Je, mjukuu wangu, umewahi kuona jambo baya likifichwa kwa sababu ya aibu, nawe ukaambiwa ufunge mdomo?

Wacera wa Buruburu aliliona, mwaka wa 1984. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alimshikia mama yake, Njoki, kikombe cha maji akipiga mswaki. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na siku hizo alitema mate yenye damu. Miguu yake ilijaa vidoa vyekundu na mavilio ya damu ya rangi ya bluu, kama mtu aliyepigwa, ilhali hakuna aliyemgusa.

"Wauguzi wataona hayo waseme kaka yangu anakupiga," alisema Shangazi Waringa. "Jina lake halitatembezwa kliniki. Vaa soksi."

Mama akavaa soksi ndefu za sufu, jua likiwaka. Wacera alichemka kwa hasira. Heshima ya baba ilipata soksi. Mama je, alipata nini?

Jumamosi moja uchungu ukaanza, baba akiwa safarini. Wacera alibeba kikapu, Shangazi akaongoza. Hospitalini waliambiwa mtoto amelala vibaya, lazima upasuaji.

"Mama, nitakudunga sindano ya ganzi mgongoni," alisema Daktari Dishon. "Je, hutokwa na damu ovyo, au kuvilia damu mwilini?"

"Huyu? Ni mzima kuliko mbuzi wa Krismasi," Shangazi alidakia.

Mama akatazama ukuta.

"Si kweli, daktari," alisema Wacera.

"Nyamaza. Watu wazima wanaongea."

"Sinyamazi, Shangazi. Wewe ndiwe uliyemwambia afiche." Akapiga magoti, akamvua mama soksi.

Daktari aliweka faili chini. Damu ikapimwa haraka: chembe zinazoigandisha zilikuwa chache mno.

"Ningemdunga mgongoni, damu ingeweza kuvuja ndani, ikabana mishipa ya fahamu, na miguu ikapooza," alisema. "Tutamlaza usingizi kabisa, na damu ya kumwongezea iwe tayari."

Adhuhuri mtoto wa kike alizaliwa salama. Kesho yake daktari alisimama kando ya kitanda, akamkazia macho Shangazi.

"Mimi si mpiga ramli. Swali la hospitalini hujibiwa kwa ukweli, tena na mwenye mwili. Msichana huyu ameona aibu ya kusema uongo; mkubwa aliona aibu ya majirani."

"Nilimlinda kaka yangu," Shangazi alinong'ona.

"Na mimi alinilinda nani, wifi?" Mama aliuliza polepole. "Tangu mwezi wa saba wa mimba nilitaka kumwambia daktari: mimi ni mgonjwa, na mume wangu hajanigusa. Nilitaka kuyasema hayo kwa kinywa changu."