Tonge la Mwenye Mlima

Miran alifunua sufuria ya wali asubuhi, mvuke ungali unafuka, akakuta katikati pana shimo la kijiko. Mtu alikuwa ameshaonja.

"Donguk, umeingia jikoni?"

"Niingie saa ngapi, na ndiyo kwanza navaa soksi?" mumewe akamjibu kutoka chumbani, akicheka. "Wewe na mimba yako hiyo mnakula mpaka mnasahau!"

Kesho yake shimo lilikuwepo tena. Supu nayo ikawa hivyo hivyo, na kimchi, ile kabichi ya kuchachua kwa pilipili, hata chenza: ukilimenya unakuta kipande kimoja hakimo, na ganda lilikuwa zima. Kila walipokaa mezani walisikia mtu akitafuna polepole, na jiko zima likanuka majani yaliyooza.

Okrye, mama yake Donguk, ndiye aliyejua walikosea wapi. Jumapili iliyopita walipanda mlima kutazama majani mekundu, kama mji mzima wa Jeonju unavyofanya vuli ikifika. Walipokaa kula, Okrye alimega tonge la kwanza amtupie mwenye mlima, yule mzimu anayeumiliki, kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Donguk akamdaka mkono. "Mama, acha ushamba, watu wanatuangalia!" Akalila tonge lenyewe, tena akalamba vidole. Kiburi gani hicho, jamani!

"Tumemnyima chake," Okrye alimnong'oneza mkwewe. "Sasa anajichukulia."

Miran alijitia kupuuza, mpaka alipokwenda kliniki, mimba ina miezi saba, daktari akapima, akapima tena, akasema mtoto amepungua uzito. Tangu siku hiyo kila alipojilaza alikisikia kile kinywa, si mezani tena bali chini ya mbavu zake, kikitafuna taratibu kama mtu aliye na chakula chake na hana wa kumharakisha, naye akajikumbatia tumbo kwa mikono miwili, analia, anaomba, na huku anajua kabisa kwamba mikono ile haizuii kitu.

Wanawake hao wawili wakamwendea mganga, mama mmoja aliyeita mizimu kwa kengele. Alizitikisa kengele zake kidogo tu, akaziweka chini.

"Wali hautaki tena," akasema. "Anataka kifungua mimba. Na nyumba yenu inao wawili: huyu wa tumboni, na yule uliyemzaa wewe, mama. Mkimpelekea mmoja, mwingine atamwacha."

"Nguruwe je? Hata nguruwe mzima?" Okrye akauliza.

"Nimeshasema."

Donguk hawakumwambia. Walimwambia tu kwamba majani yanakaribia kupukutika, waende wakayaone mara ya mwisho. Maskini, alifurahi! Alibeba mikoba yote, akamshika mkewe kiuno kwenye kila ngazi, akamtania mama yake kwamba anahema kama treni mbovu. Walipofika ukingoni juu, mlima wote umewaka wekundu na manjano, akajipanga kando ya mti, genge likiwa nyuma yake.

"Nipige picha, nije nimwonyeshe mwanangu!"

Miran akainua simu. Nyuma ya mumewe majani yalikuwa yakitikisika na upepo haupo, harufu ile ya jikoni ikawajaa puani, na kile kinywa kilichomtafuna wiki nzima chini ya mbavu kikatulia ghafla, kikingoja.

"Rudi nyuma kidogo, mti wote uingie."

"Hapa?"

Miran akamtazama mama mkwe. Okrye alikuwa amegeuza uso, machozi yanamtiririka, mdomo ameufumba.

"Kidogo tena, mume wangu."

Donguk akarudi hatua moja, akatoweka; hakuwahi hata kupiga kelele. Kilichosikika kutoka bondeni ni kutafuna, kwa pupa, kwa muda mrefu, halafu kimya. Ndani ya tumbo la Miran mtoto akapiga teke la nguvu.

Okrye akamsogelea, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nishike mkono, mwanangu," akasema. "Majani yanateleza."