Mashimo ya Mita Saba na Nusu

Wewe pia ulimwona. Ulimwona Mutesi akinakili majibu ya hesabu ya mwanafunzi mwenzenu Latif kila asubuhi kabla ya kengele, ukageuza uso. Mwalimu Viateur alipomsifu kwa alama za juu, ukapiga makofi pamoja na darasa zima. Hayo hayasahauliki.

Sasa sikia kilichotokea. Mama yake, Mukamusoni, huuza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja na wanawake wenzake watatu, karibu na kivuko cha mpakani cha Grande Barrière. Mvua ilikuwa ikiwaharibia samaki, wakaagiza turubai. Lingefika Ijumaa, na karatasi ya mwenye duka ilisema tu kwamba ni mraba, mita za mraba thelathini. Mashimo manne ya nguzo yalipaswa kuwa tayari. Yaachane umbali gani? Mukamusoni akamwuliza binti yake bila wasiwasi, maana si ndiye hodari wa hesabu?

Mutesi hakujua, na kulisema hilo kukamshinda. Mraba una pande nne, basi akagawanya thelathini kwa nne. Akajibu: mita saba na nusu.

Siku mbili wale wanawake walipiga sururu kwenye mwamba mweusi wa volkano hadi viganja vikachubuka. Ijumaa wakasimamisha nguzo, wakafunga pembe moja ya turubai, wakavuta ya pili. Ikaishia mita mbili kabla ya nguzo.

"Bashi hii iko inafunga Ramadhani, ao?" akatania Mzee Kadiri, fundi cherehani wa jirani, akilionyesha turubai lililopungua. Hakuna aliyecheka.

Mukamusoni alikuwa ameshajifunga kitenge vizuri, anakwenda dukani. "Mwanangu hakosei," alisema. "Yule mtu ametuibia."

Masikio ya Mutesi yakawaka moto. Angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza.

"Mama, usiende. Ni mimi. Vipeuo vya pili sivijui. Huwa nanakili kwa Latif."

Wanawake wakatazama viganja vyao. Ingekuwa nafuu kama wangemfokea.

Kadiri akamwita. "Kuja hapa, mutoto. Mraba ni upande mara upande. Tano mara tano?"

"Ishirini na tano."

"Sita mara sita?"

"Thelathini na sita."

"Bon, vizuri. Thelathini iko katikati. Jaribu tano na nusu."

Mutesi akaandika mavumbini kwa kidole. Tano na nusu mara tano na nusu: thelathini na robo. Imezidi kidogo tu. Basi upande ni mita tano na nusu, kasoro sentimita mbili hivi.

Shimo moja likabaki, matatu yakachimbwa upya. Mutesi akashika sururu. Jioni, turubai lilipokazwa vizuri juu ya meza za samaki, mama yake akamketisha kando.

"Ungesema hujui, tungemwuliza Kadiri, yakaisha," alisema. "Umejifanya unajua, nikakaribia kumwita mtu mwizi. Mutesi, kutojua hakuna aibu. Kudanganya ndiko kuna aibu."

Nawe unayesoma, usingoje kesho. Usipoelewa somo, inua mkono leo hii. Na mwenzako akija kunakili, funika daftari, keti naye, mwelekeze. Inuka sasa.