Kofia ya Aminieli

Kofia ya mtoto ilikutwa imegeuzwa nje ndani siku ya Jumanne, na kwa kuwa chumba kile waliingia watu wawili tu, kila mmoja alimshuku mwenzake na akanyamaza kwa heshima.

Hedwiga alikuwa na wiki ya nne ya uzazi. Alikuwa ndani kama Wachaga wanavyotaka mzazi akae: ale mtori wa ndizi, alale, anyonyeshe, na asiguse hata ufagio. Mama mkwe wake, Aikaeli, ambaye mtaa mzima wa Sekei, Arusha, ulimwita Mama Ndesanjo, alikuwa ameshuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi, kanga tano na amri moja: mgeni hakanyagi chumbani mpaka miezi mitatu iishe. Wala hakuwa anatania. Mzee wa kanisa alikuja na Biblia yake, akaketishwa sebuleni, akanywa chai, akauombea mlango. Jirani wa ukuta kwa ukuta aliambiwa mtoto amelala, siku ishirini mfululizo.

"Macho ya watu hayana dawa," alisema bibi huyo kila alipogeuza ufunguo. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, Aminieli, marehemu mume wa bibi, na alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Angeweza kulala mlangoni na panga.

Basi mlango wa mbao ulilindwa. Mlango mwingine ulikuwa chini ya mto wa Hedwiga, unachajiwa.

Simlaumu sana. Mfungie mwanamke wa miaka ishirini na sita mwezi mzima wa Julai, mlima Meru umejifunika mawingu, manyunyu hayakati, mumewe Ndesanjo, dereva wa watalii, yuko Serengeti, uone kama hatashika simu. Aliingia kundi la kina mama wenye watoto wachanga, na humo akampata mtu aliyejiita Mama Malezi. Picha yake ilikuwa mgongo wa mwanamke aliyejitanda kitenge cha njano. Alikuwa na adabu huyo! Kila asubuhi: "Umeamkaje, mwanangu? Mjukuu wangu kanyonya?"

Akauliza jina la mtoto, Hedwiga akaliandika lote, na la ukoo. Akauliza saa ya kuzaliwa, ati ampangie usingizi. Akatumiwa kadi ya kliniki, mbele na nyuma. Akaomba picha ya chumba aone kama kitanda kimekaa mbali na dirisha. Akauliza baba mtoto anarudi lini. Mwisho akasema lipo kundi la ndani, la wachache, "nitakuingiza mwenyewe, wewe nisomee tu hizo namba sita zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi." Ujumbe wenye namba zile ulisema usimpe mtu yeyote. Hedwiga akamsomea.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kesho yake ndiyo kofia ikageuzwa.

Jumatano ikageuzwa tena, saa ileile, saa nane mchana, wakati majirani wako kazini na mtaa mzima umetulia hata mbwa hawabweki. Alhamisi Hedwiga aliamua kutolala. Alimvalisha mtoto kofia vizuri, mshono ndani, akajilaza akimwangalia mwanawe. Ikaja harufu ya majivu yaliyolowa mvua, kama jiko la kuni lililoachwa nje. Mtoto akafungua macho, akacheka. Hakumchekea mama yake. Alichekea pembe ya kabati.

Hedwiga alifumba macho mara moja tu, kupangusa jasho. Alipofumbua, kofia ilikuwa nje ndani.

Simu ikatetemeka chini ya mto.

"Kofia naigeuza mimi," Mama Malezi alikuwa ameandika. "Mshono wake unamuumiza utosi."

Wakati ule ule akaona taa ndogo ya kamera imewaka yenyewe, inamtazama, na ndani ya simu, au pembeni ya kabati, hakuweza kujua ni wapi, sauti ya mwanamke ikaanza kubembeleza taratibu, bila maneno, jinsi mtu anavyombembeleza mtoto wake mwenyewe aliyemfuata kwa watu waliochelewa kumrudisha, na kila sauti ilipopanda mtoto alirusha mikono yake miwili juu, anataka kubebwa.

Mama Ndesanjo aliingia na bakuli la mtori. Alisimama. Pua yake ikachezacheza.

"Nani amemwagia jivu maji humu?"

"Mama," Hedwiga alinong'ona, "funga mlango. Taratibu."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani? Mimi nimekaa hapo nje tangu asubuhi!"

Hedwiga akamwonyesha simu. Akamweleza yote, tangu jina mpaka namba sita, analia huku amemkumbatia mtoto. Bibi alisikiliza, akaweka bakuli chini.

"Ruwa, Mungu wangu," alisema mwisho. "Mimi nimemkatalia mzee wa kanisa. Wewe umempa huyu na saa aliyozaliwa!"

"Tumpigie Ndesanjo, Mama."

Kabla hajagusa namba, ujumbe mwingine ukaingia. "Msimsumbue baba yake. Tairi limepasuka, yuko chini ya gari." Walipiga hata hivyo. Ndesanjo alipokea anahema, akasema subirini kidogo, niko chini ya gari hapa, tairi limepasuka. Hedwiga alikata simu.

Jioni ile Mama Ndesanjo alimfuata mzee wa kanisa, aibu ameimeza, naye akamtajia bibi mmoja, Koko Anyesi wa Ngaramtoni, mama wa maombi ambaye watu wa upande ule wa mlima humwita wanapochoka kuona haya. Koko alifika Ijumaa saa saba na nusu, ameletwa na mzee wa kanisa, ameshika kibuyu kidogo cha maziwa. Hakumwangalia mtoto kwanza.

"Umempa nini?" alimuuliza Hedwiga.

Hedwiga akataja. Koko alikunja kidole kwa kila kitu, vidole vikajaa mkono mmoja akahamia wa pili.

"Huyu hakuvunja kwenu," alisema. "Alikaribishwa, akapewa na kiti."

"Tuichome hiyo simu?" Mama Ndesanjo aliuliza.

"Mwizi ameshaingia, wewe unachoma mlango? Tutamnyang'anya alivyopewa, kimoja kimoja."

Wakaanza. Laini ya simu ilitolewa ikakatwakatwa kwa wembe. Hedwiga aliambiwa abadilishe neno la siri la kila kitu alichokuwa nacho, akabadilisha kwa simu ya mzee wa kanisa, vidole vinamtoka jasho. Kitanda wakakihamishia chumba cha pili. Ndesanjo akaambiwa arudi siku nyingine na njia nyingine, na asimwambie mtu. Kila walipomaliza jambo, Koko alinyunyiza maziwa pembeni na kusema kwa sauti, "Hili tumelichukua." Na kila aliposema hivyo ile sauti ya kubembeleza ilisogea, ikatoka kabatini ikaja kwenye kizingiti, ikatoka kwenye kizingiti ikaja juu ya kitanda, na haikuwa inabembeleza tena, ilikuwa inaita, "Aminieli, Aminieli," kwa upole wa kutisha, na harufu ya jivu ikawabana makoo mpaka mzee wa kanisa akaenda kutapika uani, na mtoto akawa anajinyoosha kuelekea ile sauti kwa nguvu ambayo mtoto wa wiki nne hana.

"Saa aliyozaliwa siwezi kuichukua, hiyo haibadiliki," Koko alisema, pumzi zimemwisha. "Limebaki jina. Anamshika kwa jina."

Mama Ndesanjo akaelewa. Alikaa chini sakafuni.

"Hilo ni la mume wangu," alisema. "Nilimwahidi kaburini."

Sauti ilizidi kumvuta mtoto. Mtoto alikuwa ameshika shuka kwa mkono mmoja tu.

"Lichukue," alisema bibi, akajifunika uso kwa kanga akalia kama siku ya msiba.

Koko aliinama sikioni kwa mtoto, akamwita Lesian, jina la kwao, Kimaasai, ili anayemtafuta mtoto wa Kichaga apite. Sauti ikaita Aminieli mara ya mwisho. Mtoto hakugeuka. Akaanza kulia, kilio cha kawaida cha njaa, na harufu ikatoka dirishani polepole.

"Tunalijua sisi watatu tuliomo humu," Koko alisema. "Baba yake mtamwambia sikioni akirudi. Msiliandike. Msilitume. Na mjue, yule ana adabu kuliko ninyi. Atakuja na adabu yake."

Wiki mbili zikapita salama. Kofia ilibaki ilivyovalishwa. Mawingu yalifunguka, Meru ukaonekana mpaka kileleni, na Hedwiga, ambaye sasa hakuwa na simu kabisa, alianza kulala mchana. Ndani ya nyumba ilibaki simu ya kitochi ya Mama Ndesanjo peke yake, ya vitufe, isiyojua mtandao wala picha. Nani angeiogopa kitochi?

Siku moja baada ya chakula bibi aliingia anatabasamu, kitochi mkononi.

"Wale wa kliniki wana binti mmoja amelelewa! Ameniamkia shikamoo mara mbili. Kaniuliza miguu, kaniuliza ndizi za Machame. Anahakiki majina ya watoto."

Hedwiga aliacha kukunja nepi. "Ukamwambia nini, Mama?"

"Alisema Aminieli. Nikaona vibaya mtoto wa watu aandike jina ambalo hatulitumii, nikamsahihisha."

"Mama. Kliniki tuliwaandikia namba yangu ya zamani. Hawana namba yako."

Tabasamu la bibi lilikaa usoni kidogo, kisha likaondoka. Kitochi ikalia mlio mfupi. Bibi hakuwa na miwani, akamnyooshea Hedwiga asome.

"Asante, Mama. Lesian ni jina zuri pia."

Harufu ya jivu ilikuwa imeshafika mlangoni. Kule chumba cha pili, mtoto alicheka. Walikimbia wote wawili, wakagongana kizingitini, na kitandani walikuta kofia peke yake, nje ndani, ina joto.