Mlango wa Shangazi Chiku

Mara mbili Mwero aliikaza ile nati, na mara mbili mlango ukajifunga.

Kwa fundi kama yeye hilo lilikuwa jambo la kuudhi. Milango ya hoteli nzima kule Diani iko mikononi mwake, na hata chuma hiki kilichokuwa juu ya mlango wa shangazi yake, hapa Msambweni, alikifunga yeye mwenyewe miaka miwili nyuma, mbuzi wa jirani walipozoea kuingia sebuleni. Kina mkono wa kukunja, na kazi yake ni kuufunga mlango polepole bila kuguswa na mtu. Ukitaka mlango ubaki wazi, unalegeza nati ya kwenye kiwiko cha ule mkono, unaufungua mlango mpaka pale unapotaka usimame, kisha unakaza. Basi. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Shangazi Chiku alikuwa amempigia simu asubuhi, akasema anataka mlango ukae wazi ili Feisal apate hewa. Feisal ni mwanawe wa kumzaa. Kwa miezi mitano sasa alikuwa hoi kitandani, hasemi, chakula hakipiti, na kila baada ya alasiri mwili ulimtetemeka mpaka kitanda kikalia. Hospitali walipima wakachoka. Mwero hakuuliza mara mbili, akapanda pikipiki akaja. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa hajaota meno, na siku zote alimwambia kuwa yeye na Feisal ni mapacha waliopishana miaka tu. Maneno hayo Mwero aliyaamini kuliko kitu kingine chochote.

Alipopanda tena kwenye stuli aliona mafuta yakichuruzika kutoka kwenye kile chuma. Mafuta ya chuma cha aina hiyo hunuka kama ya cherehani. Haya yalinuka marashi na udi. Akayapangusa kwenye suruali, akajiambia kuwa shangazi alikuwa akifukiza ndani.

Akakaza kwa mara ya tatu, safari hii kwa nguvu zote, akashuka. Mlango ukasimama kidogo, kisha ukaanza kurudi, na Mwero aliposhika kitasa akahisi unavutwa kutoka nje, si kwa upepo, maana majani ya mpapai pale uani yalikuwa yametulia tuli, bali na mkono wa mtu asiye na haraka, mgeni mwenye adabu zake ambaye hapendi kuukuta mlango wazi kabla hajabisha. Ukafungika.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole. Shangazi Chiku alikuwa jikoni, hatua nne tu kutoka hapo. Mwero alisikia kijiko kikikoroga chai, halafu kikanyamaza. Shangazi hakuitikia.

"Hodi hapa."

Chumbani Feisal akaanza kugugumia. Mwero akageuka, akamwona shangazi amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameuma ukingo wa leso, macho chini. Hodi ikaja mara ya tatu. Huku kwetu kumwacha mgeni nje mpaka hodi tatu ziishe ni aibu ya nyumba nzima, na jibu lake hutoka mdomoni kabla mtu hajafikiri.

"Karibu," Mwero akasema.

Mlango ukafunguka wenyewe, ukafika pale pale alipoupimia, ukasimama. Nje hapakuwa na mtu, ila kitu kilimpita ubavuni, baridi kama maji ya mtungi, na ile harufu ya marashi ikamjaa puani na kooni mpaka akakohoa, na vitambaa vya makochi vikapepea kimoja baada ya kingine kuelekea chumbani kwa Feisal, kisha vikapepea tena, kimoja baada ya kingine, kurudi kwake.

"Mama," Feisal akaita. "Nina njaa."

Shangazi Chiku alimpita Mwero mbio, analia, bila kumtazama. Nyuma yake jikoni akatokea Mzee Tsuma, mganga kutoka upande wa Kwale, na kikombe chake cha chai mkononi. Mwero hakujua kama yumo humo. Mzee akamweleza bila ubaya wowote, kama anavyoelekezwa mtu njia. Jini yule hamwachi mtu mpaka ampate mwingine aliyekula naye chungu kimoja, amfungulie mlango na kumkaribisha kwa ulimi wake. Mlango ukae wazi hadi adhana ya magharibi. Ukifungwa kabla, atarudi kwa Feisal. Na jini asipotulia kwa Mwero, atahama kwa njia hiyo hiyo, kwa mtu wa nyumbani kwake.

Mwero akapanda stuli, akaweka spana kwenye nati. Robo mzunguko tu ingetosha kuilegeza, mlango ujifunge. Shangazi akarudi mbio, akamshika mguu.

"Mwanangu, nakuomba. Ameanza kula."

"Ulijua?"

"Ilibidi awe mtoto wa nyumba hii. Ningemwita nani mwingine?"

Miaka yote alitaka ahesabiwe mtoto wa nyumba ile, na siku alipohesabiwa ikawa ni kwa hili.

"Ungeniomba tu, shangazi," akasema. "Pengine ningekubali."

"Na kama ungekataa?"

Chumbani Feisal alikuwa akiomba aongezwe wali. Mwero akashuka, akaiacha spana juu ya stuli, akatoka kwa ule mlango uliokuwa wazi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuondoka pale bila kuaga.

Njia nzima hadi Gazi anakoishi, pikipiki ilikuwa nzito nyuma, kama aliyepakia abiria. Hakugeuka.

Alifika kwake adhana ikiadhiniwa. Nyumba yake ina mlango wa mbao na komeo la ndani, na kila jioni hupiga hodi, mkewe Mwanasha akaitikia na kumfungulia. Leo alikaa kwenye baraza ya nje, akafumba mdomo. Hatafanya alivyofanyiwa. Atalala hapo hapo nje, na kesho atamweleza Mwanasha kila kitu, kisha wataona la kufanya, wote wawili wakijua.

Harufu ya marashi ikamfikia begani.

"Hodi," ikasema sauti nyuma yake, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, na uchovu wake wa kutoka kazini.

Mwero akaruka apige kelele, lakini sauti yake haikuwamo tena mdomoni mwake.

"Karibu, baba," Mwanasha akaitikia kutoka ndani, na komeo likavutwa.