Wodi ya Baridi

"Na baridi yote hii ya Sumbawanga, nani ananunua kiyoyozi cha kupoza?"

Coleta aliuliza mbele ya wateja, katika duka la Ambakisye pale Majengo, asubuhi ya Juni ambayo kila mtu alikuwa na sweta. Yeye alivaa koti jekundu la mtumba, mkononi kashika futi kamba. Ambakisye, kijana wa Mbeya mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alicheka.

"Dada, wewe mkaguzi?"

"Mwanafunzi, niko fildi. Nasomea kusanifu mifumo ya joto na ubaridi kwenye majengo."

"Basi nifundishe."

Akamfundisha. Kila mchana walikunywa chai pamoja, Coleta akimchorea joto linapotorokea, na kwa nini dari hutangulia mashine. Kwenye simu Ambakisye alimwita "injinia wangu", naye Coleta alikuwa akitabasamu peke yake njiani. Alimpenda.

Zahanati moja ya mtu binafsi kule Kasense ikamwomba Coleta mchoro wa wodi ya wazazi. Alipima, akapiga hesabu: ziba mianya ya paa, weka dari, kisha mashine moja ndogo ya kupasha joto. Mchoro akampa Ambakisye aupeleke, kwa kuwa ndiye angeuza mashine.

Julai dada yake, Silvana, alijifungua hapo. Coleta alikuta wodi haina dari. Ukutani zilining'inia mashine tatu kubwa, zote za kupoza tu. Silvana alikuwa amemficha mtoto ndani ya blauzi yake, vidole vya kichanga vimekuwa baridi.

"Walituambia ni za kisasa," Silvana alisema.

Coleta alipiga simu palepale.

"Ambakisye, umeweka nini humu?"

"Mpenzi, samahani. Nadhani mchoro sikuuelewa."

Yaani msichana wa watu akajilaumu yeye. Alikesha siku mbili akiuchora upya kwa herufi kubwa, na Jumapili Ambakisye alipofika nyumbani kwao na suti nyeusi na pete, Coleta ndiye aliyeanza kuomba radhi.

"Nisamehe, laazizi. Nilikufundisha haraka mno."

Ambakisye aliinamisha kichwa.

"Coleta, niliuelewa. Zile mashine zilikaa stoo mwaka mzima, hakuna aliyezitaka. Mchoro wako sikuwaonyesha."

Coleta aliuchukua ule mchoro mpya.

"Ungekuwa hujui, ningeolewa na wewe nikufundishe maisha yangu yote. Lakini ulijua, ukaenda kuwapulizia baridi watoto wa siku moja. Vua hiyo suti. Twende Kasense ukazing'oe mwenyewe."

"Na pete?"

"Rudi nayo kwenu."

Alizing'oa zote tatu mchana ule. Coleta alisimama mlangoni na mchoro wake mpaka ya mwisho ikatoka, kisha akaingia nao kwa mwenye zahanati bila kumuaga Ambakisye.