Kurasa Zilizogandana

Jumapili, baada ya ibada, majirani wa Nyaishozi walikusanyika uani kwa Mwalimu Rwegasira. Wazee waliketi kwenye viti, watoto kwenye nyasi zilizotandikwa. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilipitishwa, kila mtu akachukua punje zake. Kisha waliojua kusoma walisimama mmoja mmoja na kueleza kitabu walichokuwa wakisoma. Aliyependezwa alikiazima. Asiyejua kusoma aliondoka na maneno aliyoyasikia.

Kemirembe, msichana wa darasa la nne, alikuwa bado hajasimama hata mara moja.

"Mwenzetu Methodius amekwisha sifu vitabu vitatu," wenzake walimcheka. "Wewe unasoma kwa mwendo wa kinyonga!"

"Kinyonga hufika," alijibu, lakini moyo ulimuuma.

Alikuwa ameazima kwa Mwalimu kitabu cha afya ya watoto. Alikisoma vizuri mpaka siku ile mdogo wake alipokimwagia omuramba, maji matamu ya ndizi yaliyokuwa yamekamuliwa kwa ajili ya wageni. Kemirembe alikianika juani. Kilipokauka, kurasa kadhaa za katikati zilikuwa zimegandana kama zimetiwa gundi. Alijaribu kuzibandua, akaogopa zisichanike. Basi akaziruka.

Jumapili iliyofuata alisimama.

"Kitabu changu ni cha afya," alisema kwa sauti kubwa. "Kinasema mtoto anayeharisha asipewe maji, kwa kuwa maji humzidishia kuhara."

Mwalimu Rwegasira alikunja uso. Kitabu hicho kilikuwa kimemfikia karibuni, akamwazimisha Kemirembe kabla hajakisoma mwenyewe.

"Umekisoma chote, binti?"

Kemirembe alimtazama Methodius, aliyekuwa akitabasamu. "Chote, Mwalimu."

Watu walipiga makofi. Placidia, jirani yao asiyejua kusoma, alimshika mkono, akamwita kwa heshima. "Waitu, mwanangu, kusoma ni mali. Nitayashika maneno yako."

Siku chache baadaye Kemirembe alikuwa akitoka kisimani na mtungi kichwani. Alipofika karibu na nyumba ya Placidia alisikia mtoto akilia kwa sauti nyembamba, kama paka aliyefungiwa ndani. Aliutua mtungi, akaingia.

Cassian, mtoto wa Placidia aliyekuwa ameachishwa kunyonya karibuni, alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Macho yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa imekauka hata kupasuka.

"Anaharisha tangu juzi," Placidia alisema. "Analilia maji, lakini nimejikaza. Sijampa hata tone, kama kitabu chako kilivyosema. Mbona hapati nafuu?"

Kemirembe alizikumbuka kurasa zilizogandana. Alitoka mbio hadi nyumbani, akanyakua kitabu, akakimbilia kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu! Cassian anakufa! Nilidanganya. Hizi hapa sikuzisoma!"

Mwalimu alikipokea kitabu. Alichukua kisu chembamba, akakipitisha taratibu kati ya kurasa. Zilipoachana alisoma kwa sauti: "'Hivyo ndivyo wasemavyo watu wengi, nao wanakosea. Mtoto anayeharisha hukaukiwa maji mwilini, naye aweza kufa. Apewe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.'"

Kemirembe alianza kulia.

"Usilie sasa," Mwalimu alisema. "Kimbia kwa Placidia ukawashe moto!"

Walichemsha maji, wakayapoza, wakamnywesha Cassian kwa kijiko. Alimeza funda la kwanza, akakitafuta kijiko kwa midomo. Mwalimu aliwapakia Placidia na mwanawe kwenye baiskeli yake, akaisukuma hadi dispensari huku mama akiendelea kumnywesha njiani. Mganga alimtazama mtoto, akatikisa kichwa. "Mngekawia mpaka kesho, mngeniletea maiti."

Jumapili, Cassian alikuwa mgongoni mwa mama yake, akitafuna ndizi. Kemirembe alisimama mbele ya watu wote.

"Kitabu hakikusema nilichowaambia. Niliziruka kurasa, nikasema nimemaliza. Nisamehe, mama Cassian."

Placidia alichukua kikapu cha kahawa, akamsogezea. "Chukua, mwanangu. Kisha unisomee kitabu hicho. Safari hii uanze mwanzo, ufike mwisho."

Mwalimu Rwegasira aliinuka.

"Nami nina kosa. Nilitoa kitabu nisichokisoma. Sikieni, watoto: anayekusifia kitabu hukupa neno la kuishi nalo. Asiyejua kusoma hawezi kulipima, hukuamini tu. Ukisoma nusu, sema nimesoma nusu. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuona heshima yako ni bora kuliko uhai wa jirani." Aligeuka. "Haya, Methodius, leo una kitabu gani? Umefika mwisho?"

Methodius, aliyekuwa amekwisha simama, alikitazama kitabu chake.

"Bado, Mwalimu," alisema, akaketi kukisoma.